Mama Buya Alikuwa Akienda Wapi

Habari ya kufariki kwa Bi Rukia ilinifikia Madogo, nikiwa dukani napima kitambaa cha mteja. Nilimaliza kupima, nikakata, nikamfungia mteja kitambaa chake vizuri, kisha nikaketi kwenye stuli ya cherehani na kulia kidogo. Bi Rukia hakuwa ndugu yangu wala hakuwa mtu mpole, lakini ndiye aliyenipa chumba changu cha kwanza. Siku ya pili nilikuwa Garsen, nimeketi kwenye jamvi katika ua uleule, naangalia milango ileile ya bati, na wanawake wa matangani wananong'ona huku kahawa ikizunguka. Walianza kwa kumwombea marehemu, wakaingia kwenye tabia zake, na kutoka hapo wakawafikia wapangaji wake. "Mnamkumbuka yule Mpokomo wa baiskeli?" mmoja aliuliza. Wote walimkumbuka. "Mpaka leo mimi sijui alikuwa akienda wapi alfajiri zote zile." Mwenzake akasema, "Alikuwa na mtu huko." Wa tatu akatikisa kichwa taratibu, kama anayejua zaidi: "Mtu? Yule alikuwa na lake." Nilinyoosha kikombe changu niongezewe kahawa. Miaka yote hii imepita, maji ya mto yamepanda na kushuka, na ile shaka bado iko pale uani, imekaa na wenyewe kama mpangaji asiyehama. Mimi ndiye niliyewekwa nimchunguze yule mwanamke, na mwaka niliomchunguza ndio uliofanya niwe mtu niliye leo.

Nilikuwa na umri alio nao sasa binti yangu mkubwa. Nilikuja Garsen kushona kwenye baraza ya Bi Rukia, ambaye alikuwa na cherehani nzuri na miguu isiyomruhusu tena kuikanyaga. Alikuwa mzaliwa wa Kipini, mnene, mwenye sauti nyembamba isiyolingana na mwili wake, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha sote; sisi wengine tulikisema kama watu waliovaa nguo ya kuazima. Nyuma ya baraza kulikuwa na vyumba vya kupangisha vinavyotazamana, jiko la makuti la pamoja, na pipa la maji. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuishi pamoja. Wakulima wa mtoni na wafugaji walikuwa wametoka kwenye ugomvi uliochoma nyumba na kuua watu, na ingawa silaha zilikuwa zimenyamaza, macho hayakuwa yamenyamaza. Mimi ni Muorma, wa upande wa wafugaji. Chumba kilichotazamana na changu kilikaliwa na Mpokomo, wa upande wa wakulima. Bi Rukia, ambaye hakuwa huku wala huko, alilitia pipa kufuli na kufunga ufunguo kwenye ncha ya leso yake, kwa sababu kila upande ulikuwa umemnong'oneza kwamba upande mwingine unaweza kutia kitu majini. Kila mtu alificha chumvi na sukari chumbani mwake. Jikoni tulipika tukiwa tumepeana mgongo, kila mmoja amefunika sufuria yake, na mtu akitoka nje kufuata kuni alibeba mwiko wake mkononi.

Jina lake Mpokomo huyo lilikuwa Mwanahawa, mjane kutoka Wenje, lakini tulimwita Mama Buya kwa jina la mwanawe aliyekuwa akisoma Hola. Alikuwa amepita arobaini, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima. Alipika katika hoteli moja ya stendi na jioni alinukia vitunguu na moshi. Alikuwa na baiskeli ya marehemu mumewe, nyeusi, nzito, ile ya kubebea magunia, na usiku aliiingiza chumbani ikalala kando ya kitanda chake. Kila alfajiri baada ya sala nilisikia komeo la mlango wake, kisha gurudumu likigonga kizingiti, kisha lango. Alirudi jua likiwa limeanza kuchoma, jasho likimtiririka, uso umechangamka kama mtu aliyetoka kusikia habari njema. Kisha alikoga, akavaa, akaenda kazini. Hakubeba kitu wakati wa kwenda, wala hakubeba kitu wakati wa kurudi, na hilo ndilo lililotukosesha raha. Angekuwa anarudi na samaki, au kuni, au hata na mwanamume, tungejua la kusema.

"Umetoka wapi, Mama Buya?" Bi Rukia alimuuliza asubuhi moja, kwa sauti ya kusalimu tu, huku macho yake yakipekua keria ya baiskeli.

"Natembea tu, Bi Rukia."

"Kutembea wapi?"

"Barabarani. Nikifika pale maji yamekaribia lami, nageuza."

"Kufuata nini?"

"Sifuati kitu."

Mama Buya alicheka, akaingia ndani. Bi Rukia alinigeukia mimi niliyekuwa napindisha pindo la sare ya shule. "Umemsikia? Ati hafuati kitu. Mimi mji huu nimeuona ukikua, mwanangu, na sijaona mtu akitoka jasho bure." Akasogeza kiti chake karibu na cherehani mpaka nikanusa halwa aliyokuwa akiitafuna. "Mlango wako unatazamana na wake. Hebu mtazame. Mtazame ukanambie."

Nilikubali bila kubembelezwa, maana mimi mwenyewe nilishaanza kumtazama. Kwenye baraza yale maneno yalipita mbele yangu siku nzima, kwa kuwa fundi wa nguo watu humsahau kama wanavyoisahau cherehani. Nilisikia kwamba ana mwanamume huko Minjila, mwenye lori. Nilisikia kwamba anapeleka habari kwa wakulima wenzake. Mwanamke mmoja alisema kwa uhakika kwamba mumewe hakufa kifo cha kawaida na kwamba baiskeli ndiyo inayomwita. Mimi nilikuwa na sababu zangu, ndogo na za ajabu. Jioni alipopika kambare wa nazi alinikaribisha, nami nilisema nimeshiba, kwanza kwa sababu kwetu samaki hatukumzoea, na pili kwa sababu nilimwogopa. Lakini nilipompelekea maziwa, ili nione tu atafanya nini, alikipokea kikombe kwa mikono miwili na kuyanywa palepale mbele yangu, bila kunusa, bila kungoja mimi ninywe kwanza. Akafuta mdomo, akasema, "Maziwa ya kwenu yana harufu ya moshi mzuri." Nilirudi chumbani na kikombe kitupu nikiwa na wasiwasi zaidi. Mwaka ule hakuna aliyekunywa hivyo. Mtu asiyeogopa, niliwaza, ni mtu anayejua jambo ambalo sisi hatulijui.

Kisha kaka yangu Godana akaja mjini. Alichunga ng'ombe wetu nje ya mji, kando ya barabara, na alipoketi kwenye baraza ya Bi Rukia na fimbo yake imelazwa magotini, niliona kuwa hajalala vizuri. Alizungumza nami kwa Kiorma, chini chini. Ng'ombe walikuwa wamekutwa asubuhi wamekatwa mishipa ya miguu kwa panga. Ilibidi wachinjwe, na yule jike mwekundu niliyemkama tangu utotoni alikuwa mmoja wao. "Aliyefanya hivi alijua walikolala," Godana alisema. "Na kuna mwanamke wa Kipokomo anapita pale kila asubuhi na baiskeli. Anasimama. Anaangalia. Kisha anarudi. Vijana wanasema wamemchoka." Nilimuuliza wamemchoka vipi. Alizungusha tu fimbo yake polepole. Godana hakuwa mkatili. Ni yeye aliyenibeba mgongoni nikiwa na homa mpaka zahanati. Lakini nilimwona akitazama mlango wa Mama Buya kupitia kwenye uchochoro, na sikuyapenda yale macho. "Niachie mimi," nilimwambia. "Naishi naye ua mmoja. Nitajua anakwenda kufanya nini, kisha nitakwambia." Alisimama na fimbo yake. "Ujue haraka," alisema.

Jioni hiyo nilimkuta Mama Buya jikoni akimenya vitunguu saumu. Nikamwambia nataka kujifunza baiskeli. Hakuinua uso mara moja. Alimaliza punje aliyokuwa nayo, akaiweka kando, ndipo akaniangalia.

"Umetumwa na nani, Halima? Bi Rukia au kaka yako?"

Niliinama nikaokota maganda ya vitunguu saumu.

"Hata kama ni wote wawili," alisema. "Kesho vaa suruali chini ya dera, na ufunge buibui kiunoni. Mnyororo unakula nguo."

Kwa hiyo nikaanza kumchunguza naye akijua kwamba ninamchunguza. Alinifundisha kwenye uwanja wa shule, alfajiri, kabla ya wanafunzi kufika. Alishika kiti kwa nyuma na kukimbia nami, akipumua kwa nguvu, akipiga kelele, "Tazama mbele! Usitazame gurudumu, haliendi popote bila wewe!" Nilianguka mpaka magoti yakabadilika rangi. Nilianguka juu ya miiba ya mathenge, na yeye akakaa chini nami kunichomoa miiba kwenye kiganja kwa sindano yangu mwenyewe ya kushonea, bila haraka, akinipulizia. Nilimwangalia karibu hivyo, nikitafuta uongo usoni mwake, nikaona mikunjo midogo pembeni mwa macho na jasho puani. Siku nilipogundua kuwa hanishiki tena, kwamba sauti yake inatoka mbali nyuma yangu, niliingiwa na hofu kisha na kitu kingine ambacho sikukitegemea. Kilipanda kutoka tumboni na kunitoa kicheko kikubwa. Hakuna aliyenichekesha. Mimi niliyekuwa nimekuja kupeleleza nilizunguka uwanja mzima nikicheka peke yangu.

Baada ya hapo tulitoka pamoja, baiskeli moja, tukipokezana: mmoja akanyage, mwingine akae kwenye keria. Tulipita kizuizi cha polisi, ambapo askari aliyekuwa zamu alimuuliza Mama Buya swali lilelile kila mara na kupata jibu lilelile, kisha akamulika tochi kwenye keria, akaniona mimi, akatikisa kichwa. Tulipita vichaka, tukapita mahali ambapo ng'ombe walikuwa wakiamka na vumbi lao jepesi. Kisha barabara ikapanda kwenye tuta na maji ya mto yakaonekana yametanda pembeni, yangeyange wakitembea ndani yake kama watu waliopoteza kitu. Hapo ndipo aliposimama kila siku. Aliegemeza baiskeli, akaketi ukingoni mwa karavati, akavua viatu, akaiacha miguu ining'inie. Mimi nilikaa kando yake nikimvizia. Nilimngoja yule mwanamume wa lori. Nilingoja simu ilie, kijana atoke vichakani, kifurushi kiwe kimefichwa chini ya karavati. Mara moja, aliposogea kando kujisaidia, nilishuka haraka nikachungulia mle chini. Kulikuwa na matope na kandambili moja kuukuu. Hakuna aliyekuja na hakuna aliyepiga simu. Alikaa mpaka pumzi ikatulia, akavaa viatu, tukarudi. Je, niliridhika? Hata kidogo. Nilijiambia kwamba hafanyi kwa sababu nipo, na kwamba atafanya siku nisipokuwepo. Shaka ina njia ya kujilisha yenyewe. Ukiinyima chakula inakula sahani.

Siku moja pale kwenye karavati nilimuuliza wazi alianzaje. Alinieleza bila kunificha, na maelezo yake yalikuwa mafupi kiasi kwamba niliyaona kama ya kutunga. Mumewe alipofariki na eda ikaisha, alisema, aligundua kwamba hajui tena kutoka nje. Alitoka shambani akaingia ndani, akatoka jikoni akaingia ndani. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, kila siku inamtazama, na watu walikuwa wakija kuitaka. Asubuhi moja akaikokota mpaka mtoni ili aioshe aiuze. Wakati wa kurudi akaipanda. "Nikaanguka," alisema, "kisha nikaipanda tena. Sikuuza." Nikamuuliza, "Basi?" Akasema, "Basi. Nikitoka asubuhi, mchana siwi na hasira na mtu. Wewe huoni?" Sikuwa nimeona, lakini aliposema nililiona. Tangu nianze kutoka naye sikuwa nimegombana na wateja wala kuamka na kile kizito kifuani. Leo, Madogo, tuko wanawake kadhaa tunaotoka asubuhi, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu tu, na kila mgeni anayejiunga hunijia baada ya wiki chache akanieleza jambo hilohilo kwa mshangao, kama aliyeligundua yeye. Waume zao huniuliza kinachofanyika huko. Huwaambia ukweli, na huona usoni mwao kwamba hawaamini.

Walitufungia njia asubuhi yenye ukungu. Mimi ndiye niliyekuwa nikikanyaga, Mama Buya yuko nyuma yangu amenishika kiuno. Niliona tawi la mathenge limelazwa barabarani, kisha nikawaona vijana wamesimama na fimbo, na Godana katikati yao. Nilifunga breki, tukakaribia kuanguka. Kaka yangu aliponitambua uso wake ulibadilika, lakini hakuondoka njiani. Alimwambia Mama Buya kwa Kiswahili chetu kile cha sokoni, "Wewe mama. Kila siku hapa unapita. Unatafuta nini?"

Mama Buya alishuka kwenye keria. Alikibana kiuno changu mara moja kabla ya kukiachia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kujua kuwa naye huogopa. "Sitafuti kitu, baba," alisema.

"Ng'ombe yetu imekatwa miguu. Wewe unajua imelala wapi. Kila siku unaona."

"Naona, ndiyo. Nasikitika sana. Sikukata, wala sikumwambia mtu."

"Sasa huku unakuja kufanya nini?"

Aliitazama barabara iliyo mbele yetu. Kisha akasema neno ambalo, mbele ya wanaume wenye fimbo, lilisikika dogo mno. "Napenda," alisema. "Napenda asubuhi."

Kijana mmoja alicheka kwa dharau. Mwingine akainyakua baiskeli kutoka mikononi mwangu. Nilimsihi Godana kwa Kiorma, nikamwambia nimekwenda naye kila siku, nimeangalia mpaka chini ya karavati, hakuna kitu. Godana alinisikiliza, na jinsi alivyonitazama ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. Alinitazama vilevile alivyoutazama ule mlango kupitia kwenye uchochoro. "Nilikutuma ujue," alisema, "sasa naona wao ndio wamekujua wewe." Walituacha tutembee kwa miguu mpaka mjini, na baiskeli wakaipeleka kwa chifu.

Wazee wa pande zote mbili waliitwa ofisini kwa chifu, chini ya paa la bati lililokuwa likiunguza. Nilidhani Wapokomo angalau watamtetea mtu wao. Mzee wao mmoja alisimama, akakohoa, akasema kwamba hata wao wana maswali. Mwanamke wao anatoka kila alfajiri na binti wa Kiorma kwenye baiskeli moja, wanakwenda upande wa ng'ombe. Ni nani anayempa nani habari? Kukazuka minong'ono. Niliitwa kusema. Nikasema niliyoyaona: tunafika kwenye tuta, tunakaa, tunarudi. "Mnakaa mnafanya nini?" Nikasema hatufanyi kitu. Nilisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Nikaelewa kwamba mtu mwenye siri ana nafuu kuliko mtu asiye nayo, kwa kuwa mwenye siri anaweza kuitoa akaokoka. Mama Buya alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, bila cha kutoa. Chifu akaanza kusema kwamba kwa ajili ya amani ingefaa mama huyu arudi kwao Wenje na baiskeli ibaki pale.

Hapo Bi Rukia alisimama. Alikuwa amekuja kwa miguu yake mibovu, akitembea na kupumzika, na alikuwa bado anahema. "Baiskeli iko wapi?" aliuliza. Wakamwonyesha, imeegemezwa ukutani. "Ileteni hapa. Maneno haya, wazee wangu, mimi ndiye niliyeyaanza. Nimeyasema barazani kwangu mpaka yamefika kwenu. Basi niacheni nikayamalize. Mama Buya, inuka, unipeleke huko unakokwenda. Kama kuna kitu, mimi nitakiona. Mnanijua."

Walimjua. Hakukuwa na mtu Garsen aliyeaminika kwa umbea kuliko yeye. Chifu alitaka kukataa, lakini mzee mmoja wa Kiorma akasema, "Mwache aende, huyo hata sindano ikianguka mchangani anaiona." Ilibidi wanaume wawili waishike baiskeli huku Bi Rukia akipandishwa kwenye keria kiupande, leso juu ya kichwa, mkono mmoja umeng'ang'ania kiti na mwingine ukishika dera la Mama Buya kama anayemkamata mwizi. Gurudumu la nyuma lilibonyea. Mama Buya alisimama juu ya pedali kwa uzito wake wote, baiskeli ikayumba, watoto wakashangilia, na wale wanawake wawili wakapotea barabarani huku sauti nyembamba ya Bi Rukia ikisikika, "Polepole, we! Unaniua mbele ya watu!" Tulingoja. Chai iliagizwa ikanywewa. Godana alikaa upande mmoja na mimi upande mwingine.

Waliporudi Mama Buya alikuwa amelowa jasho mpaka dera limemgandia. Bi Rukia alishushwa, akapewa kiti, akaomba maji, akayanywa yote.

"Nimefika," alisema. "Kuna tuta. Kuna maji. Kuna ndege weupe. Tumekaa, tumerudi."

"Alifanya nini huko?" mzee wa Kipokomo aliuliza.

"Alivua viatu."

"Halafu?"

"Akavivaa."

Mtu mmoja nyuma aliachia kicheko, kisha mwingine, na kicheko kikazunguka chumba kizima, Waorma na Wapokomo pamoja, kicheko cha watu waliochoka. Chifu aliifuta miwani yake. Baiskeli ikarudishwa. Waliowakata ng'ombe hawakujulikana siku ile wala baadaye, na sitaki kudai kwamba mji ulibadilika. Kufuli lilikaa kwenye pipa mpaka nilipohama. Jioni nilimkuta Bi Rukia kitandani akijipaka mafuta ya kuchua mapajani. Aliniita nikae. "Halima," alisema, ameshusha sauti, "yule mwanamke ana kitu. Mimi nakwambia." Nikamuuliza kitu gani, na yeye mwenyewe ametoka kushuhudia kuwa hakuna. "Sikukiona. Lakini mtu hawi na furaha vile bila sababu." Alisugua goti lake, akitazama ukuta. Kisha akasema, "Ijumaa mwambie anipitie." Alikwenda Ijumaa hiyo, na nyingine nyingi baada yake, akilalamika kuanzia langoni mpaka tutani, na hakuwahi kukiri kwamba anakwenda kwa jambo lolote isipokuwa kuchunguza. Wanawake wa matangani waliyasahau hayo, au labda hawakutaka kuyakumbuka. Mama Buya yuko Wenje, magoti yamemzidi, na mjukuu wake ndiye anayetoka asubuhi sasa. Nilimpigia simu kumpa habari ya msiba. Alisema kwamba Bi Rukia alikuwa mzigo mzito kuliko wote aliowahi kubeba.

Godana hakusema nami kwa muda mrefu baada ya ile siku. Alikuja mjini akapita barazani bila kusimama, na maziwa akayatuma kwa mtu mwingine. Mwaka ulipokaribia kwisha Mama Buya alishikwa na malaria. Asubuhi moja akaniambia kutoka kitandani niichukue baiskeli niende peke yangu, isije ikaota kutu. Niliogopa, lakini nilikwenda. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema. Nilipopanda tuta niliwakuta ng'ombe wametapakaa barabara nzima, na Godana yuko katikati yao, amesimama kwa mguu mmoja na fimbo mabegani. Nilipunguza mwendo mpaka nikasimama mbele yake, mguu mmoja chini. Alinitazama miguuni, akatazama keria tupu, akatazama mikono yangu kwenye usukani, kisha akatazama barabara nyuma yangu kuona kama kuna anayenifuata. Hakukuwa na mtu.

"Uko peke yako?" aliuliza.

"Peke yangu."

"Na huko mbele hakuna anayekungoja?"

"Hakuna."

Aliendelea kuniangalia, na nilijua kwamba haniamini kabisa, na kwamba pengine hataniamini kabisa kamwe. Kisha akashusha fimbo, akapiga mluzi. Ng'ombe wakaanza kujivuta kuelekea pembeni, mmoja mmoja, bila kupenda, mpaka katikati ya barabara pakafunguka njia ya kunitosha. Godana alimsukuma ndama wa mwisho kwa goti, akasimama kando.

"Haya," alisema. "Pita."